Kikokotoo cha umbali wa ndege: kilomita nazikubali, saa nina malalamiko

Nina miezi kadhaa natumia kikokotoo cha mtandaoni cha umbali kati ya viwanja vya ndege. Unaandika herufi tatu za kiwanja unachoondokea, tatu za unakofikia, kinakupa kilomita na makadirio ya muda angani. Nilikitegemea hasa nilipopanga safari ya Tokyo hadi Los Angeles, mwezi wa Januari.

Kwa umbali sina neno. NRT (Narita, Tokyo) hadi LAX (Los Angeles) kilinipa karibu kilomita 8,800, na ramani yake ilinifunza kitu. Nilidhani ndege itakata Pasifiki ikielekea mashariki moja kwa moja, kumbe mstari ulipinda kaskazini kuelekea visiwa vya Aleutian, ndipo ukashuka. Sikuamini mpaka nilipovuta uzi juu ya tufe la dunia: uzi ukikazwa unapita huko huko, maana ndiyo njia fupi. Ila andika herufi, si jina la mji. Tokyo ina Narita na Haneda, na London viwanja ni vingi zaidi.

Kwenye muda ndipo kiliponiangusha. Kinagawa kilomita kwa mwendo mmoja, kama 850 kwa saa, kinaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, basi. Kikanipa saa 10 na dakika 50, kwenda na kurudi sawasawa. Upepo hakiuhesabu kabisa! Na juu ya Pasifiki ya kaskazini, kwenye kimo cha kilomita kama 10 zinakopita ndege, kuna mkondo wa upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki, na majira ya baridi ndipo unapozidi nguvu.

Kwenda, ulitusukuma. Tulipaa Narita saa 11 jioni, tukatua Los Angeles saa 3 na nusu asubuhi ya siku ile ile, kwa kuwa tulivuka mstari wa tarehe, ule wa katikati ya Pasifiki ambao ukiuvuka kuelekea mashariki unarudi nyuma siku moja. Ukiondoa tofauti ya saa kati ya Tokyo na Los Angeles, ni saa 9 na nusu tu angani. Kwenye skrini ya kiti mwendo ulipita kilomita 1,100 kwa saa, na sikuweza kuibandulia macho. Kurudi, skrini ile ile iling'ang'ania 750, tukakaa angani karibu saa 12. Rafiki aliyekuja kunipokea alisimama pale zaidi ya saa nzima, kwa sababu saa niliyompa niliitoa kwenye kikokotoo. Muda sahihi ulikuwa kwenye tiketi yangu wakati wote, kwani mashirika hupanga ratiba yakizingatia upepo wa msimu.

Umbali nakipa nyota 5, muda nyota 2. Wakiweka hata sehemu ya kuchagua mwezi wa safari na upande unaoelekea, nitarudi kuibadilisha hiyo ya pili.