Kompyuta ya kupigia picha nyota ukiwa Dar: ya kununua kwanza na ya kuiacha dukani

Mtu akisikia unapiga picha za sayari ukiwa Tabata, anauliza darubini ni bei gani. La kompyuta halimjii. Linamjia siku akishanunua darubini na kamera, akachomeka kamera kwenye laptopu ya kazini, na Mshtarii (ndiyo Jupita) ikaanza kurukaruka kama video iliyokosa bando. Mwongozo huu ni wa huyo mtu, ikiwezekana kabla hajafika hapo.

Kwanza jua unataka kupiga nini, maana ndicho kitakachokuchagulia kompyuta. Anga ya Dar imejaa mwanga wa taa, na vitu hafifu kama galaksi vinamezwa humo. Lakini tumekaa nyuzi 7 hivi tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi, Mshtarii na Zohali (ndiyo Saturn) hutupitia juu sana, karibu na utosi, na mwanga wake unavuka hewa kidogo kabla ya kutufikia. Watu wa Uingereza wana miaka ambayo sayari hizohizo wanazichungulia juu tu ya mapaa ya majirani. Sayari ndiyo riziki yetu, tuanze nayo.

Sayari haipigwi picha moja. Unarekodi video, programu inachambua fremu zilizotulia na kuzirundika ziwe picha moja safi. Mshtarii inajizungusha kwa muda usiofika hata saa 10, kwa hiyo video ikizidi dakika mbili tatu mawingu yake yameshasogea na picha inapata ukungu. Ndani ya dakika hizo unataka fremu nyingi kadiri inavyowezekana. Piga hesabu: kipande cha pikseli 640 kwa 480, fremu 150 kwa sekunde, ni MB 46 kila sekunde. Dakika tatu ni zaidi ya GB 8, kwa video moja! USB 2.0 kwa matumizi halisi hukwama kwenye MB 35 au 40. Diski kuukuu ya kuzunguka (HDD) nayo huanza kuhema mapema.

Nebula, yaani mawingu ya gesi na vumbi yaliyo kati ya nyota, ni habari nyingine. Hapo kila picha inachukua dakika moja au zaidi. Kamera ya megapikseli 26 inatoa faili la MB 52, na ukipiga 300 kwa usiku mmoja umepata kama GB 16. Haraka hakuna. Unachotaka ni kompyuta itakayokaa macho saa sita mfululizo, LUKU iishe isiishe.

Kwa hiyo mimi naangalia mambo matatu, kwa mpangilio huu: tundu la USB 3 la kweli, diski ya SSD (isiyo na kitu kinachozunguka ndani, ndiyo maana ni ya haraka), na uwezo wa kuendelea kazi umeme ukikatika. Prosesa inafuata baadaye, na kadi ya michoro sijawahi kuiuliza.

Namba moja: laptopu ya kiofisi iliyotumika

Najua wengi walitarajia nitaje kiboksi fulani cha kisasa. Lakini kwa mtu anayeanza Dar, laptopu zilizotoka maofisi ya nje na kuuzwa Kariakoo au mjini Posta hazina mpinzani, na sababu kubwa ni betri. Umeme ukikatika katikati ya video, laptopu haijui. Ina kioo chake na kibodi yake, huhitaji mtandao wowote kuiongoza, na asubuhi inafanya kazi zako nyingine.

Mfano ninaoupenda ni ThinkPad T480 ya 2018. Ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya nyuma unayoweza kuibadilisha. Inachaji kwa USB-C, hivyo chaja nzuri ya kwenye gari yenye nguvu ya kutosha inaweza kuilisha. Ina matundu ya USB 3 na tundu la waya wa mtandao. Prosesa yake ni ya kizazi cha nane cha Intel, na hapo ndipo Windows 11 inapoanza kuikubali rasmi. T470 ya kizazi cha saba imeachwa nje. Jambo hili lina uzito kwa sababu Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Dell Latitude na HP EliteBook za rika hilo ni sawa tu, usigombane na muuzaji kwa ajili ya nembo.

Gombana naye kwa haya. Mwambie aiwashe bila chaja, uiache dakika ishirini huku mkipiga stori. Betri iliyochoka itajieleza yenyewe. Fungua Task Manager, sehemu ya Performance, uone diski imeandikwa SSD au HDD. Mimi niliambiwa na muuzaji mmoja, "Bosi wangu, hii ni SSD, haina shida," nikalipa, nikaondoka. Usiku ule Zohali ilikuwa imetulia kama sarafu, na programu ikawa inadondosha nusu ya fremu. Ndani kulikuwa na diski ya kuzunguka. Siku hizi natembea na flashi ya USB 3 yenye faili moja la GB 4: nalinakili kwenda kwenye kompyuta kupitia kila tundu na kuangalia kasi. Rangi ya buluu ndani ya tundu ni dalili, haijawa ushahidi. Mwisho chukua risiti ya EFD na waranti iliyoandikwa, hata ya mwezi mmoja.

RAM ya GB 8 inatosha kupiga, lakini kwa kurundika picha za nebula kwenye programu ya Siril utaitamani 16. Programu nyingi za sayari ni za Windows: SharpCap ya kurekodi, AutoStakkert ya kurundika. FireCapture inakubali pia Mac na Linux. Mwenye MacBook tayari asiiuze, ila ajue kuna milango atakayoikuta imefungwa.

Namba mbili: kompyuta ndogo ya boksi yenye Intel N100

Hii ndiyo ya kununua ukishahamia kwenye nebula, na kwangu imebaki nafasi ya pili kwa kosa moja tu: haina betri. Chipu ya N100 ilitoka 2023, ina viini vinne na imesanifiwa kwa wati 6, ingawa boksi zima likifanya kazi hula zaidi ya hapo. Inaendesha Windows kamili, kwa hiyo N.I.N.A. (programu ya kuendesha upigaji wote), PHD2 (ya kusaidia kitako kufuata nyota) na ASCOM (ya kuunganisha vifaa na programu) zote zinaingia. Unaifunga kwenye darubini kwa mkanda, nyaya zote zinakuwa fupi, wewe unaingia ndani kukimbia mbu.

Angalia chaja yake kabla ya kulipa. Nyingi zinatumia volti 12, na hizo ndizo unazozitaka, kwa sababu betri moja ya volti 12 italisha boksi, kitako kinachofuata nyota, kamera na mkanda wa kuzuia umande. Zenye volti 19 au za USB-C zitakulazimu kutafuta kibadilishi.

Kuna mitego miwili. Boksi likiwa na Windows ya Home, huwezi kuliingia kutoka kompyuta nyingine kwa Remote Desktop ya Microsoft. Inatakiwa Pro, la sivyo tumia programu kama RustDesk. Na baadhi ya boksi zikiwashwa bila kioo huonyesha picha ndogo ya ajabu ukiingia kwa mbali. Dawa yake ni kiplagi bandia cha HDMI kinachoidanganya kwamba kioo kipo. Pia ingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi kabla Windows haijawaka), uiweke ijiwashe yenyewe umeme ukirudi.

Namba tatu: ASIAIR

Kiboksi chekundu cha kuendesha darubini na kamera, cha kampuni ya ZWO, unakiongoza kwa simu au tableti. Kwa urahisi hakuna kinachokifikia, na mtu asiyetaka kusikia habari za madraiva ningempa hiki bila kusita. Ubaya ni ndoa: kinakubali kamera za ZWO pamoja na aina fulani za Canon, Nikon na nyingine chache za kawaida. Ukiwa na kamera ya sayari ya QHY au Player One, basi. Kikiharibika, fundi wa mtaani hana la kukusaidia, wakati laptopu kila kona ina fundi. Ukiagiza nje, weka kwenye hesabu VAT ya asilimia 18 na usafiri kabla ya kufurahia bei ya kwenye tovuti.

Namba nne: Raspberry Pi

Ni kompyuta ndogo ya bodi moja. Naipenda, na bado naiweka hapa. Pi 5 ilipotoka 2023 ya GB 4 iliuzwa dola 60 na ya GB 8 dola 80, lakini ongeza kasha, feni, diski na chaja yake ya volti 5 ampea 5, kisha linganisha na N100. Chaja ya simu haitoshi. Programu zipo na ni za bure, KStars na Ekos juu ya INDI (ndugu wa ASCOM upande wa Linux), ila uwe mtu unayefurahia kuandika amri za Linux saa sita usiku.

Kompyuta ya mezani iliyoko sebuleni na waya uliopita dirishani iache. Simu peke yake inatosha kupiga mwezi kupitia lenzi ya darubini, na hapo haina haja ya mwongozo.

Nyaya na mtandao

Watu huchanganya mambo mawili hapa: kamera kuongea na kompyuta, na wewe kuongea na kompyuta.

La kwanza ni waya wa USB, na uwe mfupi. USB 2.0 kikomo chake ni mita 5. USB 3 ikizidi mita 3 unaanza kubahatisha. Zile ekstensheni ndefu za bei poa ndizo chanzo cha kamera "kupotea" katikati ya kazi. Ukihitaji kigawanyaji cha USB, nunua chenye umeme wake.

La pili ni pana zaidi. Ukikaa kwenye paa la zege lenye nondo, Wi-Fi ya sebuleni haifiki au inafika ikiwa hoi. Chaguo langu la kwanza ni waya wa mtandao wa Cat6 kutoka kwenye ruta: unafika mita 100 bila kulalamika. Chagua ule wa nje unaovumilia jua, na uuchomoe masika na vuli zikiingia, maana waya wa shaba unaoshuka kutoka paani hadi kwenye ruta ni njia ya radi. Chaguo la pili ni ruta ndogo ya kusafiria uliyoifunga karibu na darubini, simu na kompyuta zikakutana hapo. Wi-Fi ya 5 GHz ni ya haraka ila kuta zinaishinda, ya 2.4 GHz inapenya, lakini vifaa vya USB 3 hutoa kelele kwenye masafa hayohayo, basi usiiweke antena juu ya waya wa kamera.

Intaneti yenyewe? Huihitaji usiku wa kazi. Programu ya ASTAP inatambua nyota zilizo kwenye picha na kukuambia darubini inatazama wapi, kwa kutumia orodha ya nyota uliyokwisha kuipakua. Ipakue mchana, kwa bando la mchana.

Uwezo huo una faida ya pekee kwetu. Ncha ya kusini ya anga, yaani nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka na ambayo kitako lazima kielekezwe ili kizifuate, ipo nyuzi 7 tu juu ya upeo wa macho, kwa kawaida nyuma ya mwembe wa jirani, na nyota yake, Sigma Octantis, ni hafifu kiasi kwamba Dar huioni kwa macho. N.I.N.A. na ASIAIR zote zinaweza kukusaidia kulenga ncha hiyo bila kuiona, kwa kupiga picha sehemu nyingine za anga. Kabla ya hapo, hakikisha kitako chenyewe kinaweza kuinama hadi nyuzi 7. Vingi havishuki hadi huko.

Umeme: kitako ampea 1, boksi 1, kamera inayopozwa 2, mkanda wa umande 1. Jumla 5, kwa saa sita ni ampea-saa 30 (30 Ah). Betri ya lithiamu ya 50 Ah inatosha na chenji inabaki. Ya gari usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo tafuta ya 70.

Kitu cha mwisho hakinunuliwi. Unapojaza mahali na saa kwenye programu, Dar ni nyuzi 6 dakika 48 kusini, nyuzi 39 dakika 17 mashariki, UTC+3. Ukisahau kuweka kusini, au ukaandika saa 2 badala ya 20 kwa sababu ndivyo tunavyosema, darubini itageuka kwa kujiamini kabisa na kulenga sakafu. Na Raspberry Pi 4, toleo lililotangulia Pi 5, haina saa yenye betri ndani, kwa hiyo ikiwashwa bila mtandao itafanya hivyo hata kama hukukosea.