Eneloop nyeupe: miaka mitatu ndani ya padi za Xbox

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikitumia betri nne za Panasonic Eneloop, zile nyeupe za ukubwa wa AA, katika padi mbili za Xbox (vidhibiti vya kuchezea michezo ya video) nyumbani kwangu Ntinda, Kampala, na kwa kuwa marafiki hawaachi kuniuliza wanunue betri gani za kuchaji, nimeona niandike tathmini hii kwa utaratibu. Jambo ninalolisisitiza ni hili: usichague betri kwa ukubwa wa namba iliyochapishwa kwenye ganda lake.

Mimi mwenyewe nilianza kwa kosa hilo. Katika duka moja katikati ya Kampala nilinunua betri nne zilizoandikwa miliampia-saa 3800, yaani kipimo cha kiasi cha umeme ambacho betri hubeba, muuzaji akaniambia, "Chukua hizi, ssebo (bwana), hakuna zinazozishinda nguvu." Baada ya wiki chache hazikumaliza hata mechi mbili. Nilipoiweka moja kwenye mizani ya kupimia unga, ilikuwa na gramu 16, ilhali Eneloop moja ina takriban gramu 27. Betri ya kuchaji ya nikeli ya ukubwa wa AA, kama hizi Eneloop, hata ikitengenezwa kwa ustadi wa juu, huishia karibu na miliampia-saa 2700 au 2800, kwa sababu nafasi ya ndani haiongezeki na uwezo wake hutokana na madini yaliyojazwa humo. Vivyo hivyo kwa betri za lithiamu za 18650, zilizo kubwa kidogo kuliko AA, wanazotumia wapenda tochi: nyingi za kweli hukomea karibu na 3600, na ile iliyoandikwa 9900 inakudanganya waziwazi.

Eneloop nyeupe imeandikwa 1900 tu, na mtengenezaji anaitaja kuwa inaweza kuchajiwa hadi mara 2100. Ndugu yake mweusi, Eneloop Pro, ana 2500, lakini ametajiwa mara 500. Kwa padi inayochajiwa kila wiki nachagua nyeupe bila kusita, kwani saa chache za ziada za kucheza hazifidii umri unaopotea.

Sifa niliyoipenda zaidi ni kwamba hazijiishii zikiwa zimelala. Kabla kampuni ya Sanyo, ambayo baadaye ilinunuliwa na Panasonic, haijatoa aina hii mwaka 2005, betri za nikeli zilikuwa zikipoteza chaji kabatini mwezi hadi mwezi. Mpwa wangu anasoma bweni Masaka, na padi yake hukaa muhula mzima bila kuguswa, akirudi likizo anabonyeza kitufe nayo inawaka, wala hana haja ya kuja kuniambia, "Mjomba, betri zimekufa."

Kasoro ipo. Volti zake ni 1.2 badala ya 1.5 za betri za kutupa, kwa hiyo baadhi ya vifaa huonyesha kwamba chaji inakaribia kwisha wakati bado ipo. Zipo AA za kuchaji za lithiamu zinazoshikilia 1.5 hadi mwisho, lakini padi huzisoma kuwa zimejaa mpaka zinapozimika ghafla katikati ya mchezo, na hilo hunikera kuliko onyo la mapema.

Chaja nayo inahitaji umakini kuliko watu wanavyodhani. Ile ya bei nafuu niliyoanza nayo huhesabu saa tu, haipimi betri. Umeme ukikatika kisha ukirudi, jambo tunalolijua vizuri hapa kwetu, inaanza hesabu upya na kuendelea kuisukumia chaji betri iliyokwisha kujaa. Usiku mmoja nilizitoa zikiwa za moto kiasi cha kutoshikika, na joto la namna hiyo ndilo linalokula umri wake. Tafuta chaja inayopima kila betri peke yake na kujizima ikijaa, hata kama itakugharimu zaidi ya betri zenyewe. Kisha ziandike kwa kalamu ya wino, A na A, B na B, ili jozi zisichanganyike, maana betri dhaifu ikifungwa pamoja na yenye nguvu huishiwa kwanza na kuharibika.

Wenye droni wasizitafute hizi. Pakiti zao za lithiamu zina masharti mengine, na lililo kubwa ni kutoziweka kabatini zikiwa zimejaa, bali kwenye volti 3.8 hivi kwa kila seli, mahali penye ubaridi, mbali na paa la mabati.