Uwanja wa Kriketi wa Gahanga, Kigali: siku mbili nyasini na binti yangu

Kabla ya yote, ukitokea Tanzania, Kenya au Uganda, rudisha saa yako nyuma. Kigali iko nyuma yetu kwa saa moja, na mimi nilisahau. Tulifika Gahanga mbiombio tukidhani ova za kwanza (ova moja ni mipira sita ya kurusha) zimetupita, kumbe uwanja ulikuwa mtupu, ukungu haujaisha mabondeni, na vijana wawili walikuwa wakivuta roli la chuma juu ya pichi, ule ukanda wa katikati mpira unaporushiwa, taratibu, kwenda na kurudi. Kosa hilo likanipa saa nzuri kuliko zote nilizokaa pale.

Nilikuwa na binti yangu wa miaka 13. Yeye ndiye aliyeileta kriketi nyumbani kwetu Mwanza. Alifundishwa shuleni kwa gongo la plastiki, na haukupita mwaka tukawa tunahesabu ova hata mezani. Mwaka 2019 timu yetu ya taifa ya wanawake ilipotwaa kombe la Kwibuka, mashindano ya kriketi ya wanawake, hapo Kigali, nilimwahidi kwamba siku moja nitampeleka. Juni 2022 nikatimiza. Safari ya basi kupitia mpaka wa Rusumo ilikuwa ndefu na ya kuchosha. Basi tulilopanda liliharibika njiani tukakaa kando ya barabara hadi giza likaingia, lakini hayo si ya uwanja, niyaache.

Uwanja uko wilaya ya Kicukiro, kusini mwa jiji, kwenye njia inayokwenda Bugesera. Tulipanda moto, ndiyo bodaboda yao, na abiria naye huvalishwa kofia ngumu. Ukikaribia, kitu cha kwanza kukiona ni mapaa. Ni matao matatu yamekaa kwenye ukingo wa kiwanja, makubwa na madogo, yanapanda na kushuka kama mpira unaodunda mara tatu kabla ya kutulia. Nyuma yake kuna vilima vya Rwanda vyenye umbo lilelile, kiasi kwamba kwa mbali unaweza kudhani jengo limeota hapo lenyewe.

Kwa kuwa tulikuwa na muda, tulilisogelea. Ingia chini ya tao kubwa uangalie juu. Utaona vigae vyembamba vya udongo, kahawia na kijivu, vimepangwa safu kwa safu hadi kileleni. Hakuna nguzo katikati wala boriti. Tao pana zaidi linaruka kama mita 16 kwa vigae hivyo tu, tabaka juu ya tabaka, na kati ya tabaka umelazwa wavu wa kuhimili tetemeko la ardhi. Udongo ni wa hapohapo. Ulichanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kwenye mashine, na mafundi wa Rwanda ndio waliovitengeneza vigae na kuvijenga. Binti yangu aliweka kiganja pale tao linapogusa ardhi, akasema, "Mama, ni kama chungu." Mimi ni mtoto wa mfinyanzi, neno lile lilinigusa.

Uwanja ulifunguliwa Oktoba 2017, na fedha zake zilichangwa kwa miaka kadhaa, sehemu kubwa kutoka Uingereza. Katika michango hiyo kuna kisa ambacho kila mpenzi wa kriketi Afrika Mashariki anapaswa kukijua. Mei 2016, Eric Dusingizimana, nahodha wa Rwanda wakati ule, alisimama kwenye wavu wa mazoezi mjini Kigali akapiga mipira kwa saa 51, usiku na mchana, akaweka rekodi ya dunia ili watu wachangie ujenzi. Saa 51! Ukikaa kwenye nyasi zile ujue umekalia jasho la mtu.

Nyasi ndizo jukwaa lenyewe. Watazamaji hukaa kwenye miteremko iliyozunguka kiwanja, kwa hiyo chukua khanga ya kutandika na mwavuli wa jua. Asubuhi utahitaji sweta, maana Kigali iko juu, ila kufika mchana jua linachoma kwelikweli. Hatukulipa kiingilio siku zote mbili. Tuliingia, tukachagua mahali karibu na kamba ya mpaka, tukatandika.

Nalitaja hili kwa sababu viwanja vingi vya zamani vya kriketi kwetu ni vya klabu. Nairobi Gymkhana, kwa mfano, ni uwanja wa heshima kubwa. Hapo ndipo Shahid Afridi, kijana wa Pakistan, alipopata mikimbio mia (mikimbio ndiyo pointi za kriketi) kwa mipira 37 mwaka 1996, na hapo ndipo Kenya ilipoifunga Sri Lanka kwa mikimbio 53 kwenye Kombe la Dunia la 2003, siku Collins Obuya wa Kenya alipochukua wiketi tano, yaani aliwatoa wapigaji watano. Najivunia historia hiyo kama Mwafrika Mashariki. Lakini viwanja vya aina hiyo vilijengwa kwa ajili ya wanachama, na mimi niliwahi kugeuzwa getini kwenye klabu moja, mji mwingine kabisa, nikiwa nimemshika mtoto mkono, kwa kuwa sikuwa na mwenyeji. Gahanga hakuna aliyeniuliza mimi ni nani.

Aliyeniuliza alikuwa mzee mmoja aliyeketi jirani, na aliuliza kwa wema. Alitusikia tukiongea akatusalimu kwa Kiswahili safi cha upande wa Kagera.

"Shikamoo, mzee," binti yangu akamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mmetoka Bongo? Basi leo tutagombana, mimi nashangilia wenyeji."

Alikulia Tanzania ukimbizini, akarudi kwao baada ya 1994. Kriketi yenyewe iliingia Rwanda kwa njia hiyo. Waliorudi kutoka Uganda, Kenya na Tanzania walikuja nayo, chama chao kikaundwa 1999. Mzee alitueleza kwamba kabla ya Gahanga walikuwa wakicheza Kicukiro, kwenye kiwanja cha shule ya ufundi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mahali pale watu walikimbilia Aprili 1994 wakilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, askari wakaondoka, na watu wakauawa. Zaidi ya 2,000. Ukumbusho wao uko Nyanza ya Kicukiro, kwenye barabara hiihii ya kuja uwanjani. Tulikuwa tumeupita asubuhi bila kujua.

Kwibuka maana yake ni kukumbuka. Mashindano yalianza 2014, miaka 20 baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na huchezwa Juni, ndani ya siku mia za maombolezo. Kesho yake tulishuka Nyanza kwanza, tukakaa kimya pale, ndipo tukapanda Gahanga. Nakushauri nawe ufanye hivyo. Mpira utauona kwa macho mengine.

Mwaka ule zilikuja timu nane, hata Brazil na Ujerumani. Raha ya uwanja huu ni ukaribu. Ukikaa ubavuni unasikia mlinda wiketi, yule anayedaka nyuma ya mpigaji, akiwapanga wenzake, unasikia gongo likigonga mpira katikati, mlio mkavu kama mchi kwenye kinu kitupu, na wetu wakiitana kwa Kiswahili, "Rudi! Rudi!" Mpira mmoja ulivuka kamba ukaja kusimama miguuni pa binti yangu. Aliuokota, akaugeuza, akapitisha kidole gumba kwenye mshono, ndipo akaurusha. Mchezaji wa Tanzania aliyekuja kuufuata akamwambia, "Mkono mzuri, mdogo wangu." Tangu hapo mtoto hakula chochote hadi jioni.

Mashindano yalipokwisha, Tanzania walikuwa mabingwa tena.

Si kila kumbukumbu ya uwanja huu ni ya ushindi. Juni 2019 wasichana wa Mali walitolewa wote wakiwa na mikimbio 6 tu mbele ya Rwanda, na wenyeji wakaivuka kwa mipira minne. Siku chache baadaye Uganda walipata mikimbio 314 dhidi yao. Watu walicheka sana mitandaoni, nami niliumia. Mabinti wale walisafiri kutoka upande mwingine wa Afrika, na baada ya kichapo kile wakavaa tena wakaingia uwanjani. Hawa wenyeji nao walianzia chini, wakapanda: Januari 2023, kule Afrika Kusini, Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 19, Henriette Ishimwe wa Rwanda alichukua wiketi nne kwa mipira minne dhidi ya Zimbabwe, kisha timu yake ikaifunga West Indies. Binti yangu aliniamsha usiku kunipa habari hiyo.

Mambo madogo ya kukusaidia: ukienda na watoto beba chakula na maji ya kutosha, kwa kuwa mechi mbili kwa siku ni saa nyingi. Kiswahili kitakufikisha mbali, dereva wetu wa moto alikijua na mama aliyetuuzia ndizi pia. Jua linapoanza kushuka usikimbilie kuondoka. Matao yanageuka rangi ya tofali, na watoto wa jirani huteremka kucheza pembeni kwa magongo ya kuchonga. Siku ya pili walimwita wangu akarushe. Nikamngoja hadi hawakuuona tena mpira.