Tunutu yuko hatua gani: urefu wa mwili au upana wa kichwa?

Ukitoka Dodoma kwenda bonde la Wembere, moja ya mazalia ya nzige wekundu, wakati wa mvua utakutana na tunutu, yaani nzige wachanga, wa kila saizi. Kujua hatua yao ya ukuaji, yaani kipindi kati ya kujivua gamba mara moja na nyingine, ni muhimu sana: wasio na mabawa bado wanadhibitika, wakisharuka kazi ni nyingine.

Wengi hukimbilia rula na kupima urefu wa mwili, kichwa hadi ncha ya tumbo. Ni haraka, na kwa tunutu waliopishana hatua kadhaa inatosha. Lakini tumbo lao ni kama mfuko. Akishiba linanyooka, akikaa na njaa au akikauka baada ya kufa linasinyaa. Tunutu yuleyule anaweza kukupa vipimo viwili tofauti kwa siku moja.

Kichwa hakidanganyi hivyo. Ni gamba gumu, haliongezeki mpaka tunutu ajivue gamba, kisha linapanuka kwa mkupuo. Ukipima kundi zima, vipimo hujikusanya mafungumafungu, kila fungu hatua yake. Paja la mguu wa nyuma nalo liko hivyo. Tatizo ni kwamba utahitaji kalipa (kifaa cha kupimia vitu vidogo kwa usahihi), lenzi na mkono uliotulia.

Mimi nachagua kichwa. Ila nzige wekundu hupitia hatua 6 au 7, na majike ni wakubwa kuliko madume, hivyo mafungu ya juu hugusana. Hapo tazama vichipukizi vya mabawa: vikishageuka na kulala mgongoni, yuko katika hatua mbili za mwisho.