Gateway Arch, St. Louis: msikimbilie juu, uhondo uko chini na ni bure

Wabongo wengi wakipita St. Louis, Marekani, wanapiga picha na lile tao la Gateway Arch, wanapanda, wanashuka, imeisha hiyo. Sasa mimi nasema hivi, kama una masaa mawili tu pale basi yamalizie chini ya ardhi kwenye makumbusho, maana hakuna kiingilio na stori yote ya jinsi Marekani ilivyotanuka kwenda magharibi iko huko.

Tao lenyewe silibezi. Mita 192 kwenda juu na mita 192 kutoka mguu mmoja hadi mwingine, stenlesi tupu, jua la saa saba likilipiga hulitazami mara mbili. Lilikamilika 1965 na aliyelichora, Eero Saarinen, alikuwa ameshafariki hata ujenzi haujaanza. Kupanda unalipia, tiketi kata mapema mtandaoni hasa wikiendi na kipindi cha joto. Kile kigari cha kupandia sasa, aisee, mlango mfupi mpaka uiname, ndani mnakaa watano magoti kwa magoti, aliyewahi kupanda kipanya Dar atanielewa. Dakika 4 kupanda, 3 kushuka. Juu madirisha ni membamba, inabidi uegemee ukuta na tumbo ndo uone vizuri, upande huu mto Mississippi na Illinois ng'ambo, upande ule mjini. Pazuri, ila mwenye woga wa sehemu za kubana asijilazimishe na kiti cha magurudumu hakifiki juu, kwa hiyo kama umeenda na bi mkubwa mwambie mapema asije akavunjika moyo mlangoni.

Haya tushuke chini. Makumbusho yalifumuliwa yakafunguliwa upya 2018, na yanaanza na mji wenyewe ulipoanzishwa 1764 na Wafaransa wa biashara ya ngozi, kina Laclède na Chouteau, ambao bila Waosage, wenyeji wa pale, kuwaletea hizo ngozi wasingekuwa na biashara. Mimi nilichopenda kuliko vyote ni ile stori ya bendera. Machi 9, 1804 inashushwa ya Hispania, inapandishwa ya Ufaransa, kesho yake inashushwa hiyo nayo inapanda ya Marekani, yaani mtu amelala Mhispania kaamka Mfaransa na kesho yake ni Mmarekani na hajatoka hata nje ya boma lake!

Hiyo ilikuwa baada ya Rais Jefferson wa Marekani kununua Louisiana kwa Napoleon wa Ufaransa 1803 kwa dola milioni 15, sio jimbo la leo tu bali eneo linalozidi Tanzania mbili, haifiki hata senti 4 kwa eka. Watu wanasema Napoleon alipigwa bei, mi naona hapana, alikuwa ameshabanwa, jeshi lake lilikuwa limetandikwa Haiti na watu waliokuwa watumwa halafu homa ya manjano ikamalizia waliobaki, sasa Louisiana angeifanyia nini. Na alichouza hasa sio ardhi, maana ardhi ilikuwa na wenyewe, aliuza haki ya kwenda kuwabana hao wenyewe. Waosage hakuna aliyewauliza kitu, na 1808 tu hapo wakasainishwa mkataba, sehemu kubwa ya Missouri ya leo ikaondoka.

Ukifika kwa Lewis na Clark, wale wapelelezi waliotumwa na Jefferson kwenda magharibi, kaa kidogo. Wale walitoka 1804 wakafika Pasifiki wakarudi hapo hapo St. Louis Septemba 1806, wenzao wakapewa mishahara na ardhi. York, mtumwa wa Clark, alienda safari nzima na bunduki yake, alirudi akiwa mtumwa vilevile, akaomba aachiwe akaishi karibu na mkewe Louisville, Clark akakataa, na kwenye barua kwa kaka yake analalamika kabisa kwamba York amekuwa msumbufu. Mtu amekuvusha milima unamwita msumbufu.

Kwa ladha yangu pamba ningeipa nafasi zaidi. Rais Jackson anasaini sheria ya kuwahamisha wenyeji 1830, Wacherokee kama 4,000 wanakufa kwenye kuhamishwa 1838 na 1839, na kule kusini walikotolewa wao na wenzao kinachofuata ni mashamba ya pamba na watumwa. Pamba ya kusini inapanda hadi viwanda vya Massachusetts, inakuwa kitambaa, na merikebu za Salem zinakileta Zanzibar, ndo merikani ile waliyovaa mababu zetu mpaka ndani kabisa Unyamwezi. Sayyid Said na Marekani walishasaini mkataba wa biashara 1833. Kwa hiyo hii stori na sisi tumo, sema hatuko ukutani.

Ukitoka vuka uende Old Courthouse, jengo la mahakama ya zamani, mwendo mfupi tu, limekarabatiwa. Hapo ndo Dred Scott na mkewe Harriet, waliokuwa watumwa, walidai uhuru wao, kesi ya 1847 wakashindwa, 1850 wakashinda, halafu ikaenda mpaka Washington na 1857 Mahakama Kuu ikasema mtu mweusi hawezi kuwa raia. Na magomvi yote yalikuwa hayo hayo ya magharibi, kwamba nchi mpya ikiongezwa, utumwa uingie au usiingie. Sanamu yao iko nje, wameshikana mikono.

Nyota: makumbusho 5, kupanda juu 3, mahakama 5. Mlangoni kuna ukaguzi kama wa eapoti, visu na vikorokoro acheni nyumbani. Paking pale pale hamna, ya jirani nilikopaki mimi walinikamua hela sitaki hata kukumbuka, bora treni ushuke Laclede's Landing utembee.