Sanduku la maswali na ufunguo wa wazee: tathmini ya darasa la Jumamosi kanisani, Goma

Makanisa yetu mengi ya hapa Goma yana semina za ndoa, mikesha ya maombi na mafungo ya siku kadhaa, lakini ni machache yanayompa muumini nafasi ya kuuliza swali na kujibiwa mbele ya wenzake bila kushukiwa kwamba ameanza kurudi nyuma. Ndiyo maana naona inafaa kuandika kuhusu darasa la maswali linalofanyika Jumamosi alasiri katika kanisa moja la Kiprotestanti la mjini, ambamo mwanamke haingii bila kitambaa kichwani na mahubiri ya Jumapili hayajadiliwi. Nimelihudhuria kwa muda wa kutosha kuweza kusema kwamba ni zuri kuliko nilivyotarajia, na kwamba kasoro yake kubwa haitokani na anayefundisha.

Utaratibu wake ni mwepesi. Karibu na mlango kuna sanduku la mbao lenye kufuli, na mtu yeyote hutumbukiza humo karatasi yenye swali bila kuandika jina. Jumamosi, wanakwaya wakishamaliza mazoezi (nao hawamalizi kamwe kwa saa iliyopangwa), mzee wa kanisa hufungua sanduku, huzipitia karatasi peke yake, kisha humkabidhi mwalimu zile za kujibiwa. Mwalimu ni mama anayefundisha historia katika shule ya sekondari. Wote humwita Mama Mwalimu, hata wazee waliomzidi umri. Kwa kuwa kanisa halimruhusu mwanamke kusimama mimbarani, yeye hufundisha akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki pembeni ya meza, huku mimbari ikiwa tupu nyuma yake. Mchango ni faranga elfu mbili za fotokopi, ambazo aghalabu hutoka hafifu kiasi kwamba msomaji hulazimika kurudi kwenye Biblia yake mwenyewe, jambo ambalo labda si hasara.

Kipindi kilichonivutia zaidi kilitokana na swali ambalo kila mkazi wa Goma amelisikia likijibiwa kabla halijaulizwa: je, mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipolipuka tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, Mungu alikuwa akiuadhibu mji kwa dhambi zake? Wapo wahubiri waliojibu ndiyo, na wanaendelea kujibu hivyo kila mlima unapotoa mwanga mwekundu usiku. Mama Mwalimu hakuanza kwa kuwakosoa. Alianza na yanayojulikana: kwamba mlima huo upo katika Bonde la Ufa, mahali ambapo ardhi inatanuka na kupasuka, kwamba lava yake ni majimaji sana kwa kuwa ina silika (madini yanayoifanya lava iwe nzito) kidogo, na ndiyo sababu mwaka 1977 iliteremka kwa kasi iliyowashinda watu mbio, kwamba mwaka 2002 ilipita katikati ya mji, ikawaacha zaidi ya watu laki moja bila makazi, na haikuchagua kati ya baa na nyumba ya sala, kwa maana Kanisa Kuu la Kikatoliki la Mtakatifu Yosefu nalo liliteketea. Kisha akatufungulia Luka 13, ambapo Yesu anawauliza wasikilizaji wake kama wanadhani wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu walikuwa wakosaji kuliko watu wote wa Yerusalemu, naye anajibu mwenyewe: sivyo.

Hapo mzee mmoja alisimama, akakumbusha kwamba aya hiyo haiishii hapo, kwa kuwa Yesu anaendelea kusema, «lakini msipotubu, ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo». Ilikuwa hoja nzuri, na Mama Mwalimu aliipokea bila kuipindisha: wito wa toba ni wa wote, alisema, waliokufa na waliobaki, na kwa sababu hiyohiyo hauwezi kutumika kueleza kwa nini nyumba ya fulani iliungua na ya jirani yake ikasalia. Baba mmoja aliyepoteza nyumba yake mwaka 2002 alisema kwamba tangu siku hiyo amekuwa akiitafuta dhambi yake na hajaipata. Hakuna aliyemwongezea neno.

Swali jingine lilihusu vidonge: mgonjwa wa shinikizo la damu akishaombewa, aendelee kuvimeza? Si swali la mchezo katika mji wenye vyumba vya maombi kila mtaa. Wanaosema aache hutegemea Marko 16:18, inayosema waamini wataweka mikono juu ya wagonjwa nao watapona, na hapo tulielezwa jambo ambalo wengi hawakuwahi kulisikia kanisani, kwamba aya 12 za mwisho wa Injili hiyo hazimo katika Codex Sinaiticus wala Codex Vaticanus, hati mbili za karne ya 4 zinazotegemewa sana na wataalamu. Kelele zilizuka. Mwalimu aliongeza, kwa haki, kwamba Ireneo, askofu wa karne ya 2, alikwisha kunukuu sehemu hiyo, kwa hiyo si uzushi wa juzi. Lakini uhai wa mgonjwa usitundikwe juu yake, hasa ikiwa Isaya mwenyewe aliagiza Hezekia awekewe mkate wa tini juu ya jipu. Vidonge viendelee kumezwa.

Vipindi kuhusu vitabu 66 vya Waprotestanti na 73 vya Wakatoliki, au kuhusu namna mbili za kifo cha Yuda, vilikuwa vya kawaida tu.

Kasoro ni ufunguo. Maswali yanayogusa uendeshaji wa kanisa lenyewe hayafiki mezani. Niliandika kuhusu fungu la kumi, nikitaka Malaki 3:10, inayoagiza zaka kamili iletwe ghalani, isomwe pamoja na 2 Wakorintho 9:7, inayosema kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, na karatasi yangu haikuonekana tena. Wengine wameniambia yaliwapata hayohayo. Mara moja mchujo ulivuja, Mama Mwalimu akasoma kwa sauti: «Kwa nini Mama Mwalimu anatufundisha akiwa ameketi?» Kabla hajajibu, mzee aliichukua karatasi mkononi mwake, akasema italetwa mbele ya halmashauri ya wazee. Ilikuwa hasara, kwa sababu lingekuwa somo kamili: 1 Timotheo 2:12, inayomkataza mwanamke kufundisha, upande mmoja, na upande wa pili Prisila akimfundisha Apolo, Fibi mhudumu wa Kenkrea, na wanawake waliotoa unabii huko Korintho. Kanisa lililovumilia kusikia habari za aya 12 za Marko halikuweza kuvumilia habari za kiti cha plastiki.

Anayetafuta mahali pa kulibeza kanisa hatapapata hapa, na anayetaka majibu ya ndiyo au hapana atachoka mapema. Kwa mwingine yeyote napendekeza darasa hili. Beba Biblia yako na kalamu. Ukikaa mbali, Ndosho au Keshero, panga usafiri mapema, kwa kuwa kipindi humalizika giza likikaribia na bei ya pikipiki hupanda. Na swali lako likihusu fedha, usilitumbukize sandukuni: liulize kwa mdomo katika dakika za mwisho ambazo Mama Mwalimu huwaachia wasikilizaji, wakati mzee hana cha kuchuja.