Nilipima testosteroni na CRP hapa Bukavu: labo ni ya nguvu, kaunta ni sufuri

Miye niko na sukari ya aina ya 2 tangu 2017, na mwaka huu nilianza kuchoka ovyo, tumbo inazidi kutoka, na ile mambo ya kitanda, bon, wanaume munajua. Bibi akasema "Papa Amani, wende bakupime, achana na ile mizizi ya ku soko ya Kadutu."

Nikaenda ku labo moja ya hapa muji, bapime testosteroni, ile homoni ya kiume, na CRP, kitu ya ndani ya damu yenye kupanda kama mwili iko inawaka moto ya ugonjwa fulani. Siku ya kwanza ni hasira tu: mutu wa kaunta alikamata pesa yangu, bakanivuta damu saa nane ya mchana, nimetoka kukula bugali na sambaza, hakuna mwenye aliuliza kitu. Kumbe testosteroni inapanda asubui na kushuka mchana, chakula nayo inaishusha, na ikitoka chini lazima bairudilie asubui ingine mbele ya kusema una upungufu! Dokta wao aliona saa ku karatasi, akaiweka pembeni. Nikalipa tena, na ile pesa ya kwanza hawajarudisha mpaka leo.

Mara ya pili saa moja na nusu, njaa tupu, dada mwenye mikono myepesi, sikusikia ata sindano. Testosteroni chini kidogo, CRP juu. Hapo dokta alinifurahisha kabisa, alichukua kalamu akanichorea: mafuta ya ndani ya tumbo hailale, inatoa vitu vyenye kuwasha mwili moto wa chini chini bila homa, ile moto inasumbua ubongo isiamuru makende vizuri, tena mafuta yenyewe inageuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni ya kike, na testosteroni ikipunguka tumbo inaongezeka, njo inazunguka vile. Kisha akaniuliza meno. Meno! Nilikuwa na jino yenye usaha tangu miezi mbili, akasema CRP haijue kutenga jino na tumbo, ng'oa kwanza tutapima upya.

Nikaomba sindano ya testosteroni, akakataa. "Unataka mutoto ingine? Ile inazima mbegu." Akanituma nipunguze kilo kwanza, akasema kilo zikishuka testosteroni inaweza kupanda yenyewe. Sikupenda, lakini nilimwamini.

Nyota 3 ku 5, zote tatu za dokta na yule dada. Mukienda muende asubui bila kula, na mubebe dola safi, yenye kupasuka kidogo bao hawakamate.